Admin Aliyelipiza kwa Adabu

Nilimjua Admin kwa maandishi kabla ya kumjua kwa sura, na siku nilipofika kwake, huko Bahati nje ya mji, mara ya kwanza nilidhani nimekosea boma. Kwenye simu alikuwa mtu wa "mpendwa", "karibu sana" na "pole kwa kukuchelewesha". Langoni nilimkuta mama mrefu, leso kiunoni, gambuti zimejaa matope, akimfokea jirani kupitia ua.

"Huyo mbuzi akirudi hapa nitamrudisha akiwa kwa sufuria!"

Jirani alijibu kitu ambacho sikukisikia.

"Na wewe pia utaingia hiyo sufuria!" akamwambia. Kisha akageuka, akaniona nimesimama na mfuko wangu. "Na wewe unataka nini?"

"Ni mimi, Mama Mercy wa Kaptembwo. Yule wa jeraniamu."

Uso wake haukulegea hata kidogo. "Ingia basi. Mbona umesimama hapo kama mtu amekuja kuomba kura? Vua viatu. Hapana, usivue, kuna matope kila mahali."

Watu wa kikundi chetu wasingeamini. Kikundi kiko kwenye simu, ni cha watu wanaopenda kupanda maua kwenye mikebe, ndoo zilizopasuka na madirisha ya nyumba za kupanga. Kuna nesi, kuna polisi, kuna mke wa mchungaji, kuna kijana wa bodaboda ambaye ana violeti nzuri kuliko zetu sote. Wengi wao hawakuwahi kumwona Admin kwa macho, na wote walimhesabu kuwa mtu mpole kuliko wote wanaowajua. Nao pia walikuwa sahihi. Hilo ndilo limenisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu mimi niliwajua wote wawili, yule wa simu na yule wa gambuti.

Sheria zake hazikuwa nyingi, lakini alizishika kama mtu anavyoshika mlango wakati wa upepo. Kabla ya kuuliza, unasalimu. Ukijibiwa, unashukuru, hata kama jibu halikukusaidia. Ukitaka kumsahihisha mtu, kwanza unamwambia kitu alichofanya vizuri, na kama hukipati unaangalia picha tena mpaka ukipate. Hakuna kucheka swali la mtu. Hakuna kuuza. Ua likifa, tunasema pole kama watu wazima, na hakuna anayeuliza "ulilimwagia maji kweli?"

Kijana wa bodaboda alipoingia aliandika, "Niaje wasee, hii ua yangu iko down mbaya, inaisha majani." Mama mmoja mstaafu akalalamika kwamba Kiswahili kinachafuliwa. Admin alimjibu kijana mbele ya wote, "Niaje pia, mpendwa. Tuonyeshe picha ya chini ya majani tafadhali." Yule mama alimfuata faraghani. Sijui alimwambia nini, lakini kesho yake mama mwenyewe aliamka na "Niaje wapendwa", na tangu hapo hakuacha.

Jambo la polisi lilitokea nikiwa jikoni kwa Admin. Polisi huyo alikuwa ametuma picha ya ua alilonunua mjini, anauliza kwa nini halikui wakati yeye analimwagilia kila asubuhi. Lilikuwa ua la plastiki. Kila mtu aliona ni plastiki, hata mshono wa kiwandani ulionekana kwenye shina. Kikundi kizima kikanyamaza. Hakuna aliyetuma hata kikatuni kimoja cha kucheka. Admin alisoma ule ujumbe, akaweka simu juu ya meza, akacheka mpaka akashikilia sinki.

"Plastiki! Ng'ombe huyu anamwagilia plastiki! Na ana bunduki!"

Alipomaliza alifuta machozi kwa pindo la leso, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, huku midomo ikitembea: "Habari ya leo mpendwa. Mahali ulipoliweka panafaa sana, mwanga ni mzuri. Hilo ni la aina isiyokunywa maji, lipanguse vumbi tu. Nitakutumia mwenzake anayekunywa." Na alimtumia kweli, begonia nyekundu ndani ya sanduku la viatu. Polisi huyo sasa ana veranda nzima ya maua, na hadi leo hajui tulichokijua. Au anajua, na anatushukuru kwa kunyamaza.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake ulitoa moto, kidole chake kikatoa asali, na vyote viwili vilitoka kwa mtu mmoja katika dakika moja. Sokoni alibishana na kila mtu. Kanisani alikaa nyuma ili aweze kunung'unika mahubiri yakiwa marefu. Lakini tulipomzika, jirani wa mbuzi ndiye aliyelia hadi akashikwa mkono. Ikaja kujulikana kwamba mke wake alipolazwa hospitalini, Admin ndiye aliyewapikia watoto wake ugali kila jioni, huku akiwafokea waoshe mikono kwanza.

Muda mrefu nilidhani adabu yake ya simu ilitokana na dini, au malezi, au umri. Nilimwambia hivyo siku moja tukipanda vijiti vya jeraniamu kwenye makopo nyuma ya nyumba. Akaniangalia kama vile nimemtukana.

"Dini? Hii grupu nilianzisha kwa hasira, Mama Mercy. Hasira tupu. Nilitaka yule mama aamke siku moja apate amebaki na okidi zake peke yake."

Sikuhitaji kuuliza mama gani. Sote wawili tulikuwa tumetoka mikononi mwake.

Kabla ya kikundi chetu kulikuwa na kikundi kingine kikubwa cha maua, na mwanzilishi wake alijiita Mwenyekiti. Alikuwa mke wa mtu mwenye uwezo, ana nyumba upande wa juu wa mji, na veranda yenye vyungu vikubwa vya bluu vilivyochorwa batamaji weupe. Vyungu hivyo tulivijua kuliko tulivyojua sura yake. Mimi nilijiunga mwaka ambao mama yangu alifariki. Aliniachia jeraniamu iliyokuwa dirishani mwake tangu nikiwa mtoto, na mwezi mmoja baada ya mazishi majani yakaanza kugeuka manjano. Nililia kwa sababu ya lile ua kuliko nilivyolia kaburini. Nikapiga picha, nikaandika kwamba ni ua la marehemu mama, nikaomba msaada.

Mwenyekiti akajibu: "Hapa ni mahali pa maua, si pa majani ya mkebe wa mafuta. Na hiyo nyuma ni ukuta ama ni mabati? Watu wa Kaptembwo bustani wanatoa wapi?"

Vikatuni vya kucheka vilimiminika kama mvua ya mawe. Watu nisiowajua, watu wenye picha za watoto wao na mistari ya Biblia kwenye majina yao, wote wakicheka. Nilikuwa kazini saluni, nina kichwa cha mteja mikononi, na nilisuka hadi mwisho bila kuona nywele.

Kisha mtu mmoja akaandika: "Mwenyekiti, huyu dada ameuliza vizuri. Tumjibu vizuri."

Huyo alikuwa yeye. Wakati huo hakuwa admin wa chochote. Alikuwa rafiki wa Mwenyekiti wa miaka mingi, na ndiye aliyemfundisha kuotesha violeti kwa jani. Aliondolewa papo hapo. Na kuondolewa kungekuwa kitu kidogo, watu huondolewa. Mwenyekiti aliongeza tangazo: "Tumemuondoa mwizi. Alikaribishwa nyumbani kwangu akaondoka na vijiti vya okidi kwa mkoba."

Ulikuwa uongo mtupu, na ulisafiri. Ulifika Bahati kabla ya jioni. Kwenye chama cha akina mama cha kanisa lake, wanawake walianza kuingiza maua ndani wakisikia anakuja. Mmoja alimkaribisha chai na akakaa naye nje, kati yake na vyungu, kama mlinzi. Mtu aliyejulikana kwa kugawa miche bure akawa mtu wa kuangaliwa mkoba. Aliniambia kwamba mume wake, ambaye alikuwa bado hai wakati huo, alimuuliza kwa upole tu, chumbani, kama kulikuwa na ukweli wowote. "Hilo swali," akasema, "sitamsamehe yule mama. Hata watu wote wakisahau, mimi niko na hilo swali."

Jioni ya siku ile ile aliyoitwa mwizi, alinitafuta faraghani. "Pole mpendwa. Ua la mama yako linakunywa maji mengi kuliko linavyotaka. Toboa mkebe chini, acha udongo ukauke, uliweke linapopata jua la asubuhi. Halitakufa." Na halikufa. Wiki iliyofuata akafungua kikundi chake, na mimi nikawa mmoja wa watu wa kwanza.

Kwa hiyo zile sheria zote, za kusalimu na kushukuru na kutocheka, zilikuwa silaha. Alikaa chini akawaza kila kitu ambacho Mwenyekiti alikifanya, kisha akaamua kufanya kinyume chake, vizuri sana, hadharani, hadi watu wahame wenyewe. Nao walihama. Kila aliyetoka kule akaja kwetu, Admin alimkaribisha kwa maneno laini, halafu akasimama jikoni akatia tangawizi kwenye chai na kusema, "Mwingine huyo amekatika." Nilikunywa chai ile mara nyingi. Ilikuwa tamu, sitasema uongo.

Miaka ikaenda hivyo. Kikundi kile kikubwa kikanyauka, kikabaki cha matangazo ya sabuni na maombi ya bahati nasibu. Tulisikia mume wa Mwenyekiti amefariki, nyumba ya mjini imeuzwa, na mwenyewe amehamia shamba la ukoo wa mumewe huko Olenguruone. Admin aliposikia alisema "haya", na akaendelea kuchambua mboga.

Kisha akaingia mwanachama mpya aliyejiita Dada Neema. Alisema yuko Olenguruone, ni mgeni huko, na sakitu, ile baridi ya barafu, imeunguza maua yake yote kwa usiku mmoja. Alisalimu, alishukuru, aliomba radhi kwa kuuliza sana. Kila mtu alimpenda. Baada ya miezi kadhaa akatuma picha ya chipukizi moja lililopona, na nyuma yake, kwenye kona ya picha, kulikuwa na chungu cha bluu chenye batamaji mweupe.

Sikupiga simu. Nilifunga saluni, nikaenda Bahati moja kwa moja.

Admin alikuwa anachuma majani ya sukuma. Nikamwekea simu mbele ya uso.

"Angalia hicho chungu."

Hakuangalia. "Nilimjua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Yeye huacha nafasi kabla ya koma. Nimesoma maandishi yake miaka yote hiyo, hawezi kunificha koma."

"Na ukanyamaza?"

"Ulitaka nifanye nini?"

Nikamwambia nilichotaka. Picha ya skrini ya siku ile nilikuwa nayo bado, sikuwahi kuifuta, nimebadilisha simu mara kadhaa na kila mara nikaihamisha. Nilitaka niiweke kikundini, pamoja na jina lake halisi, watu wote waone Dada Neema ni nani. Nilitaka vikatuni vya kucheka vimmiminikie yeye, kule kwenye baridi, akiwa peke yake.

"Nipe ruhusa tu, Mathe," nikasema, kama vijana wanavyowaita mama zao. "Nitaandika mimi. Wewe usiguse kitu."

"Hapana."

"Alikuita mwizi!"

"Ndiyo sababu." Aliweka karai la sukuma chini. "Sikiza. Nikimtoa leo, kesho yeye ndiye ataonewa huruma. Atasema, si mnaona, hawa watu ni wabaya, walinifukuza nikiwa mjane. Sitaki. Mimi nataka akae. Nataka aamke kila asubuhi aandike 'habari Admin'. Nataka aulize, na mimi nimjibu vizuri kuliko vile amewahi kujibiwa na mtu. Akunywe hiyo adabu kila siku, mpaka ajue vile ilikuwa rahisi. Vile haingemgharimu kitu. Wewe unataka kumchapa mara moja. Mimi nataka akae na mimi."

Niliogopa kidogo, na nikafurahi zaidi. Nilirudi Kaptembwo nikiwa na kazi mpya. Dada Neema akiuliza kitu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujibu. Mpendwa hivi, mpendwa vile. Nilimfundisha kuchanganya udongo. Nilimsifu kwa chipukizi lisilostahili sifa. Kila "mpendwa" niliyoiandika niliichoma kama sindano, na yeye alijibu "asante sana dada , Mungu akubariki", na ile nafasi kabla ya koma ilinipa raha nisiyoweza kuieleza kwa mchungaji.

Sakitu ikarudi mwaka uliofuata, ikamwachia vyungu vitupu. Wanachama wakaamua kila mtu atume alichonacho. Mimi nilituma mche wa fukshia. Admin alitangaza kikundini, kwa upole wake wote, kwamba yeye anatuma okidi. Ilikuwa okidi yake moja tu, aliyoikuza tangu ikiwa kijiti. Aliifunga kwa kuvumwani mbichi, zile nyuzi za kijani za kwenye miti, na gazeti, kama mtoto anayepelekwa kliniki, huku akinung'unika, "Mwizi wa okidi anatuma okidi. Aisome hiyo."

Dada Neema aliandika kwamba mzigo umefika. Kisha akanyamaza siku kadhaa. Nilikuwa nachungulia simu hata nikiwa na mteja.

Asubuhi moja ujumbe ukaingia, mrefu, kwa jina lake halisi. Alisema yeye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti. Alisema Admin hakuwahi kuiba hata jani nyumbani kwake, kwamba alitunga maneno yale kwa sababu alisahihishwa mbele ya watu na hakuweza kuvumilia. Alisema kuna dada wa Kaptembwo aliyeleta ua la mama yake aliyefariki, naye akamcheka, na kwamba tangu amzike mume wake haipiti siku bila kulikumbuka lile ua. Aliomba msamaha akitutaja sote wawili kwa majina. Aliomba pia atolewe kama tunaona inafaa.

Nilipiga kelele saluni hadi mteja akaruka. Nilisoma ule ujumbe kwa sauti, nikausoma tena. Nilimwona chini, pale nilipotaka awe, na sikumhurumia. Sijamsamehe hadi leo, na sioni haraka. Nilimpigia Admin ili tushangilie pamoja. Hakushika. Nikapiga tena. Nikamaliza kichwa kilichokuwa mbele yangu, nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya jikoni, mikono imelala mapajani. Mbuzi wa jirani alikuwa ndani ya sukuma anakula, na yeye anamwangalia tu. Alikuwa amekonda kwa ugonjwa ambao ulimchukua baadaye, lakini siku hiyo nilidhani ni uchovu.

"Umeshinda!" nikamwambia. "Mathe, umemaliza kazi!"

"Nimeshinda nini?"

"Si umesoma? Amekiri mbele ya watu wote. Hata wale wa kanisa lako wamesoma, mke wa mchungaji ashaituma kila mahali."

"Nimesoma." Kisha akaongeza, "Nilikuwa nimejitayarisha akatae. Nilikuwa nimejitayarisha atukane, atoke kwa grupu, aseme nimemtumia okidi ya kumloga. Kila kitu nilikuwa nimekipangia. Hii sikuwa nimeipangia."

"Lakini hiki ndicho ulichokitaka."

"Nyamaza, Mama Mercy."

Nikamfukuza mbuzi, nikarudi, nikakaa kando yake. Simu yake ikalia ndani ya mfuko wa aproni. Aliitoa, akavaa miwani, akaisoma kwa midomo. Niliinama nikaona ni yule mama. Aliuliza kama ni kawaida okidi kudondosha majani mawili baada ya safari, na kama amefanya kosa.

Nilingoja. Siku zote kabla ya kujibu alikuwa na neno la kutoa kwa mdomo kwanza, ng'ombe, mjinga, kichwa cha viazi, na siku hii nilitarajia matusi ya mwaka mzima. Badala yake kidole kikaanza kuandika, polepole.

"Umemwambia nini?"

"Ni baridi ya safari. Aitoe karibu na dirisha, asiiguse kwanza."

"Na umemwita mpendwa?"

"Nimemwita."

"Vizuri," nikasema, nikicheka. "Mchome."

Alivua miwani, akanigeukia. Nimemwona akimkasirikia jirani, na wauza mboga, na wahubiri, lakini sura ile sikuwa nimewahi kuiona.

"Nilikuwa namaanisha," akasema. "Unanielewa? Leo nilikuwa namaanisha. Sasa enda nyumbani."